Nusu Kaputi na Kabuti la Baba

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kwanza kaeni vizuri. Najua mnasoma mmelala chali, simu juu ya uso, na siku moja itawaangukia iwavunje meno. Kaeni. Nataka kuwaambia habari ya moyo wangu, siyo ule mnaouimba kwenye nyimbo zenu, ni huu wa nyama unaodunda kifuani. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo nitaandika kama ninavyosema. Mjukuu wangu wa kike atanakili kutoka kwenye daftari langu, na nimemkataza kurembesha. Akiongeza neno lake nitalijua.

Naishi Lumemo, hapa Ifakara. Kwetu ni kule juu upande wa Mahenge, ila niliolewa huku bondeni, na mpunga nimeulima tangu mgongo wangu ukiwa umenyooka. Mume wangu alishatangulia. Watoto wana miji yao, na mkubwa wao, ambaye mtamsikia sana humu, anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa.

Ugonjwa wenyewe ulianza kwa hila. Toka nyumbani kwangu mpaka mashine ya kukoboa siyo mbali. Nilikuwa naenda na debe kichwani bila kusimama, na nikifika namgombeza mwenye mashine kwa pumzi zangu zote. Halafu nikaanza kusimama njiani. Sikutaka watu wajue, basi nikawa kila nikisimama namsalimia mtu. Nikamsalimia fundi cherehani, nikamsalimia muuza mkaa, nikamuuliza habari za watoto, za mama yake, za mbuzi wake. Mtaani wakaanza kusema, "Bibi huyu siku hizi amekuwa mpole, ana maneno mazuri na kila mtu." Mpole wapi! Nilikuwa natafuta hewa.

Hila hiyo iliisha siku nilipoanguka. Nilikuwa nimeanika mpunga kwenye turubai, naugeuza kwa miguu kama kawaida, mara nikajikuta nimelala juu yake kifudifudi. Aliyeniokota ni jirani yangu, mzee wa Kisukuma mwenye ng'ombe. Mimi na huyu mzee tuna kesi ya miaka, kwa sababu ng'ombe wake wameshakula mpunga wangu mara tatu, na mara zote tatu amekuja kuomba msamaha akiwa na maziwa. Nilipofumbua macho ananipepea kwa kofia. Nina mpunga puani. Neno la kwanza nililomwambia ni, "Ng'ombe wako wako wapi?" Akasema, "Huyu mzima."

Hospitali ya hapa Ifakara wakanisikiliza kifua, wakanipiga picha ya moyo, wakanionyesha kwenye kioo moyo wangu mwenyewe ukihangaika. Daktari akaniambia moyo una milango. Damu ikitaka kutoka, mlango unafunguka, ikishapita unajifunga. Mlango wangu mkubwa, ule wa kutokea damu kwenda mwilini, umejaa chokaa na umekakamaa, haufunguki tena sawasawa.

Nikamwambia, "Nimekuelewa. Ni lango la mfereji. Mbao ikivimba haipandi wala haishuki, maji yanapenya kwa upenyo, huku juu tuta linataka kupasuka na huku chini majaruba yanakauka."

Akanitazama, akasema, "Bibi, nitawaambia na wagonjwa wengine hivyo hivyo."

"Waambie, lakini useme ni ya kwangu."

Akasema pia, bila kupaka rangi, kwamba dawa za vidonge hazitafungua lango hilo, na kwamba nikiliacha hivyo nitaanguka tena, na siku moja sitaokotwa nikiwa hai. Basi ikawa safari ya Dar es Salaam. Mwanangu wa mashamba ya miwa akaomba likizo, mjukuu wangu akaja kuniuguza, tukaenda kwenye hospitali kubwa ambako hata lifti inaongea.

Huko wakanipa habari iliyonipendeza. Kifua hakipasuliwi. Wanaingia kwa mshipa wa kwenye kinena, wanapitisha mpira mwembamba mpaka moyoni, na kwenye ncha ya mpira huo pana mlango mpya umekunjwa kama mwavuli. Ukifika unakunjuliwa ndani ya ule wa zamani, mpira unatolewa, mlango unabaki. Nikauliza mlango umetengenezwa kwa nini. Daktari akasema, "Kwa utando unaozunguka moyo wa ng'ombe." Nilicheka mpaka wakanipa maji. Mjukuu wangu ndiye aliyewaeleza habari za jirani.

Sasa ndiyo tunafika kwenye jambo lenyewe.

Jioni, mwanangu na mjukuu wangu wakiwa pembeni, akaja daktari mwingine, binti mwembamba, miwani, shikamoo ya adabu kabisa akiwa amepiga goti kidogo. Akasema yeye ni daktari wa usingizi.

Nikamuuliza, "Yaani wewe mwanangu umekwenda shule miaka yote hiyo kusomea kulala?"

"Nimesomea kulaza, bibi. Mwenyewe silali."

Nikampenda hapo hapo. Akavuta kiti, akakaa. Mtu akikaa nawe, ujue hana haraka ya kukudanganya. Akaniambia kazi ile inaweza kufanywa kwa njia mbili, na mimi nina sauti katika kuchagua. Njia ya kwanza, nalazwa kabisa. Sijui kitu, sisikii kitu, mpira unaingizwa kooni na mashine inanipumulia mpaka wamalize. Njia ya pili, wanatia ganzi pale kwenye kinena tu, na kwenye mshipa wa mkono wananipa dawa kidogo ya kutuliza. Nasinzia sinzia, napumua mwenyewe, mtu akiniita naitika.

Nikamuuliza, "Ipi nzuri?"

"Zote zinafanya kazi, bibi. Inategemea mgonjwa mwenyewe yukoje. Ukilala kabisa hujui chochote, na sisi tunafanya kazi kwa utulivu. Lakini kifua chako nimekisikiliza. Umepikia kuni miaka mingi?"

"Tangu sijaota meno ya pili."

"Kinasikika. Mapafu ya namna hiyo nikiyawekea mashine, wakati mwingine yanachelewa kurudi kwenye kazi yake. Ndiyo maana mimi naegemea ile ya pili. Lakini ile ya pili inataka mtu awezaye kulala chali bila kutikisika, na asiyepaniki. Fikiri. Ongea na watu wako. Kesho nakuja na fomu."

Mimi sikuwa na la kufikiri. Moyoni nilishachagua ile ya pili kabla hajainuka kwenye kiti. Kifua ndiyo sababu moja. Sababu nyingine ni kwamba maisha yangu yote hakuna mtu aliyeingia nyumbani kwangu akahamisha hata sufuria nikiwa nimelala. Leo waje kubadilisha mlango, tena wa moyo, nami nakoroma? Hapana. Nitakuwepo.

Aliyekuwa na la kusema ni mwanangu. Nilipomwambia tu, akasimama katikati ya wodi kama mtu anayehutubia.

"Mama, lala kabisa! Wewe hutaweza kutulia. Utaona mashine, utaona damu, utaanza kuwagombeza."

"Wakikosea nitawagombeza."

"Ndiyo hicho ninachosema! Umesahau meno?"

Habari ya meno ni kweli, siikatai. Zamani, yeye akiwa mdogo, nilikwenda kung'olewa jino naye nimemshika mkono. Ganzi ilikuwa haijashika vizuri na yule bwana akaanza kuvuta. Nikampiga kofi. Jino lilitoka, sijui ni kwa koleo au kwa kofi, ila lilitoka. Mtoto yule akalia kuliko mimi. Na kumbe amelibeba jambo hilo mpaka ndevu zimeota mvi.

Nikamwambia, "Yule alinivuta jino ganzi haijashika. Huyu binti ana adabu." Akasema, "Mama, tafadhali." Nikasema nimemaliza. Akatoka nje amekasirika, mjukuu wangu akajifanya anakunja khanga ambayo tayari ilikuwa imekunjwa.

Kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja mcheshi, na yote aliyasikia. Walipokuwa wanamsogezea kiti cha magurudumu kumpeleka vipimo, akanigeukia, akasema, "Dada, usiwasikilize. Mimi walinipiga nusu kaputi, raha mustarehe!" Akasukumwa, akaenda zake.

Nusu kaputi. Nikalishika neno hilo kama mtu aliyeokota kitu chake.

Hapa lazima niwarudishe nyuma kidogo, vinginevyo mtaniona mjinga. Baba yangu alikuwa na kabuti. Ni lile koti zito la sufu, refu mpaka kwenye ugoko, alilinunua kwa mtu aliyekuwa mlinzi. Kwetu milimani mwezi wa sita na wa saba baridi inang'ata, na blanketi zilikuwa chache kuliko watoto. Baba akivua kabuti jioni, mimi na mdogo wangu tulijifunika. Kabuti moja haliwatoshi watoto wawili mpaka vichwani, basi mama akaweka sheria, wiki hii mmoja anajifunika zima mpaka kichwani, mwenzake nusu, kuanzia kiunoni kushuka chini, kichwa nje. Na baba alivyotamka yeye siyo kabuti, alisema kaputi. Kwa hiyo nyumbani kwetu kila wiki ungesikia, "Leo nani mzima, nani nusu kaputi?" Mwenye nusu kaputi miguu ilikuwa ya moto na masikio ya baridi, lakini ndiye aliyesikia kila kitu. Mimi nilipenda zamu ya nusu. Nilisikia baba na mama wakipanga mambo yao yote.

Sasa niambieni. Mtu aliyekua hivyo, daktari amemwambia kuna njia ya kulala kabisa na kuna njia ya kutia ganzi huku chini, kichwa kinasikia. Halafu anasikia nusu kaputi. Angeelewa nini? Nilijiona nimepata jina la kihospitali la kitu ninachokitaka, nikajisifu kimoyomoyo.

Asubuhi akapita muuguzi. Mwanangu alikuwa amesharudi, amekaa upande wa miguuni, hasira zake bado ziko mashavuni.

Muuguzi akasema, "Bibi, daktari wako wa usingizi atakuja mchana na fomu. Umeshajua unachotaka?"

Nikajibu kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Mimi nataka nusu kaputi."

"Nusu kaputi? Haya bibi, nitamwambia." Akaenda.

Nikamgeukia mwanangu, tayari kwa vita. Akanitazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Halafu akasema, "Sawa, mama."

Sawa, mama! Mtoto huyu nimemzaa, nimemlea, na tangu alipojua kusema hajawahi kuniambia sawa mara ya kwanza. Lakini mtu ukishinda huulizi kwa nini umeshinda. Nikajisemea amekua. Yeye akatoka akarudi na machungwa, akayamenya mwenyewe, akatoa na zile nyuzi nyeupe. Akaniuliza kama nataka mto wa pili. Nikamwambia mbele ya mjukuu wangu, "Unaona baba yako mkubwa? Ukimweleza jambo vizuri anaelewa." Naye akasema, "Mama ni mtu mwelewa sana." Tukasifiana pale mpaka karibu saa sita. Mtu angepita angedhani tumetoka kwenye mahubiri.

Aliyetubomolea ni mjukuu wangu. Alikuwa ananipaka mafuta miguuni, akasema, "Lakini bibi, nimefurahi umekubali. Yaani unalala fofofo, unakuja kuamka wameshamaliza, hujui hata kilichotokea."

"Fofofo nani?"

"Wewe. Si umesema nusu kaputi?"

"Nusu, mwanangu. Nusu. Kichwa nje."

Akaacha kupaka. "Bibi, kichwa nje ya nini?"

Nikamweleza habari ya kabuti. Uso wake ukawa unataka kucheka na unataka kulia. Akasema taratibu, "Bibi, nusu kaputi siyo koti. Nusu kaputi ndiyo kulala kabisa. Ndiyo ile ya mashine. Ni nusu ya kufa."

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa ameshika chungwa ambalo limekwisha kumenywa na bado anaendelea kulimenya.

Nikamuuliza, "Ulijua?"

Akainamia chungwa lake.

"Nimekuuliza wewe. Asubuhi muuguzi alipokuwa hapa, ulijua kwamba nimechanganya?"

"Nilijua, mama."

"Ulijua na ukanimenyea machungwa."

Yule mama mcheshi wa kitanda cha pili, ambaye hanyamazi, alijifunika shuka.

Mwanangu akasema, "Niliona umesema mwenyewe. Nikasema basi, labda ndivyo Mungu alivyopanga."

"Usimsingizie Mungu. Mungu hakuwepo kwenye hayo machungwa."

Hapo ndipo alipolia, mtu mzima, mwenye watoto wanaofanya kazi. Akasema siku niliyoanguka kwenye mpunga alipigiwa simu akiwa shambani, na njia yote mpaka Ifakara alikuwa anajiuliza kama nilisikia maumivu, kama nilijua nakufa, kama niliita mtu. Akasema hawezi tena kukaa nje ya mlango huku anajua mimi huko ndani nasikia kila kitu. Nikamsikiliza mpaka mwisho. Nikaona kumbe aliyetaka kulazwa ni yeye. Mimi ningelazwa kwa niaba yake.

Nilimhurumia, ndiyo. Lakini huruma haikunifanya nimwachie. Nikamwambia, "Kifua ni changu. Binti yule alikaa hapa akaniambia mapafu yangu yanaweza kuchelewa kurudi. Wewe ulikuwepo, ulisikia. Ungeniacha niwekewe mashine kwa sababu ya neno moja nililokosea?" Nikamtuma mjukuu wangu amwite daktari wa usingizi, haraka, fomu isije ikatangulia.

Daktari akaja na fomu mkononi, akakuta nyuso zetu. Nikamweleza yote, na koti. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaomba msamaha. Akasema, "Ndiyo maana hilo neno mimi silitumii, bibi. Nilipoambiwa umeomba nusu kaputi nilishangaa, nikasema huyu lazima nimuulize upya. Sasa wewe ndiye unieleze mimi. Unataka nini, kwa maneno yako, sitaki ya hospitali."

Nikamwambia, "Nataka mnitie ganzi kwenye kinena. Mnipe dawa kidogo nisiwe na wasiwasi. Kifua changu kipumue chenyewe. Ukiniita niitike."

"Na tukikwama katikati? Kuna wakati mambo yanabadilika, na inabidi tukulaze kabisa pale pale mezani."

"Kwa nini hukusema jana?"

"Nilitaka uchague kwanza. Nakwambia leo, kabla hujasaini."

Nikafikiri. Nikauliza nikikohoa je. Akasema ninyanyue kidole kwanza, nisinyanyuke mimi. Nikauliza nikisikia maumivu. Akasema niseme, wataongeza ganzi, sitapewa nishani kwa kuvumilia. Nikauliza nani atakuwa kichwani kwangu. Akasema, "Mimi." Nikasema basi, mkikwama nilaze, lakini uniambie kabla, hata kama ni neno moja.

Akataka kunijaribu. Akaondoa mto, akaniambia nilale chali nisitikisike nusu saa, yeye anakwenda kwa mgonjwa mwingine. Nililala kama gogo. Inzi alitua puani, akatembea, akaondoka kwa hiari yake. Aliporudi akamuuliza mjukuu wangu, "Alitikisika?" Mjukuu akasema, "Macho tu, dokta. Alikuwa anamtazama baba mkubwa."

Nikasaini. Jina langu lote, herufi kubwa, bila kidole gumba. Mwanangu nikamfanya asome fomu nzima kwa sauti kabla sijagusa kalamu, na kila penye neno nisilolijua nilimsimamisha. Alitoka jasho.

Siku yenyewe chumba kilikuwa cha baridi kuliko Mahenge ya mwezi wa saba. Watu wamevaa aproni nzito kama wanakwenda kuchinja. Wakanifunika shuka kuanzia kifuani kushuka chini, kichwa nje, nikasema moyoni, baba, hii hapa nusu kaputi yako. Ganzi iliuma kidogo kama siafu wawili, kisha paja likawa siyo langu. Dawa ya mkononi ikaniingia, nikawa kama mtu aliyekaa kivulini baada ya kula. Nikawa nawasikia. Vijana wawili upande wa mashine walikuwa wanabishana habari za mpira, nani alifunga na nani alikuwa ameotea.

Nikasema, "Ninyi. Mpira baadaye."

Nikasikia sauti ya daktari mkubwa, "Mmesikia alichosema bibi."

Binti yangu wa usingizi yuko kichwani, mkono kwenye paji la uso wangu. Akawa ananiuliza mambo ili ajue nipo. Akaniuliza jaruba la mpunga linaandaliwaje. Nikamfundisha toka kulima mpaka kupandikiza, na pale alipouliza swali la kijinga nilimwambia ni la kijinga. Halafu akainama sikioni, akasema, "Bibi, sasa moyo utakimbia sana kwa muda mfupi. Ni sisi. Usishtuke."

Ukakimbia. Mmewahi kuona pawatila, ile trekta ndogo ya kushika kwa mikono, imezama kwenye tope na dereva anaikanyagia mafuta itoke? Ndivyo. Ulinguruma kifuani, macho yakaingia giza, nikaisikia sauti yake mbali inasema nipo hapa, nipo hapa. Nilitamani kushika kitu. Sikutikisika. Kisha ukatulia ghafla, na chumba kikarudi.

Kuna watu watawaambia walisikia mlango ukifunguka. Mimi sikusikia mlango. Nilichosikia ni vidole vyangu vya mikono, ambavyo vilikuwa baridi miezi mingi, vinapata joto kimoja kimoja. Nikamwambia. Akasema, "Hongera, bibi." Nikajua kwa sauti kwamba na yeye alikuwa anaogopa.

Waliponitoa, mwanangu alikuwa kwenye korido, amesimama, shati limelowa. Nikamwambia, "Nilisikia kila kitu. Hakuna aliyenichokoa. Kakae chini." Akakaa sakafuni pale pale, viti vikiwepo.

Tumerudi Ifakara. Nikaambiwa nisinyanyue kitu kizito, na wote wakajifanya maaskari, hata kikombe nikikishika mtu anaruka. Jirani yangu akaja kunipa pole na maziwa yake. Akakaa barazani, akasema, "Nasikia sasa na wewe ni mfugaji."

"Mmoja tu," nikamwambia, "na wangu hatoki nje kula mpunga wa watu."

"Basi tumelipana."

"Hatujalipana. Waliokula mpunga walikuwa saba."

Siku ile ya kwanza niliyotembea mpaka mashine ya kukoboa, mikono mitupu, sikusimama mahali. Nilimpita fundi cherehani bila kumsalimia. Akasema kwa nyuma, "Bibi amepona." Jioni yake watoto wote walikuwepo, na mwanangu mkubwa amekuja na machungwa, mfuko mzima, hata aibu hana. Tulikuwa tunakusanya mpunga kwenye turubai. Nikawasimamisha wote pale pale, kila mmoja na reki yake, nikawaambia:

"Sikilizeni, na sitarudia. Kuanzia leo, mtu yeyote wa nyumba hii akiugua, daktari akimuuliza swali yeye, anajibu yeye. Akikosea neno, na wewe umekaa hapo unajua kwamba amekosea, unamsahihisha kabla muuguzi hajatoka mlangoni, hata kama kosa lake ndilo ulilokuwa unaliomba. Na wewe wa machungwa, njoo hapa mbele, useme maneno hayo kwa sauti, wadogo zako wakusikie."